Daktari Anajibu: Koo Lililochubuliwa na Mpira wa Nusukaputi

Barua nne zilizofika mwezi huu zinahusu koo baada ya upasuaji, na nimeona nizijibu pamoja. Ya kwanza niliijibu kwa simu siku ileile niliyoipokea, kwa kuwa jarida huchelewa kuliko koo. Haya yanayofuata ni majibu yaleyale kwa urefu zaidi, kwa manufaa ya wengine watakaopita njia hiyo.

Kimio kimevimba na kulala juu ya ulimi

*Shikamoo, Daktari. Mimi ni mwanamke wa miaka 38. Siku nne zilizopita niliondolewa mfuko wa nyongo kwa nusukaputi, na kazi ilichukua muda wa saa mbili hivi. Tumbo haliniumizi sana. Koo ndilo linalonitesa. Nilipozinduka nilihisi kama nimemeza kitu chenye kingo kikakwama. Siku ya pili nilisimama mbele ya kioo, nikamulika kinywa kwa tochi ya simu, nikaona kimio kimerefuka na kulala juu ya ulimi, na ncha yake nyeupe kama iliyopakwa chokaa. Nikilala chali kinanitekenya nusura nitapike. Wodini niliambiwa ni kawaida, basi, hakuna aliyenieleza zaidi. Ndugu yangu ananihimiza ninywe antibayotiki alizobakiza yeye alipougua mafindofindo. Je, nimeambukizwa? Au waliniumiza kwa uzembe?*

Marahaba, dada yangu, na pole sana. Nianze na lile linalokutia hofu: uliyonieleza hayana sura ya maambukizi, bali ya mchubuko na uvimbe ulioachwa na mpira wa kupumulia. Nilipokupigia nilikuuliza maswali matatu kabla ya jambo lolote jingine, yaani kama unaweza kumeza mate yako mwenyewe, kama pumzi yako inatoa mlio unapoivuta ndani, na kama siku hiyo ulikuwa na nafuu kuliko jana yake. Uliposema kwamba unameza kwa maumivu lakini unameza, kwamba pumzi inapita kimya, na kwamba asubuhi hiyo uliweza kumaliza bilauri nzima ya maji, nilitulia, na wewe pia una haki ya kutulia. Maumivu ya koo peke yake, hata yakiwa makali, hayanitishi kama unavyonitisha mlio wa pumzi.

Hebu turudi kwenye kile kitanda cha upasuaji, maana mtu akielewa kilichompata huacha kukisia mabaya. Katika upasuaji wa aina yako mgonjwa akishalala hupewa dawa ya kulegeza misuli, na kwa kuwa misuli ya kupumulia nayo hulegea, lazima mashine imsaidie kupumua. Daktari wa usingizi husimama upande wa kichwa, huingiza kinywani laringoskopu, ambayo ni bapa lililopinda lenye taa, huinua ulimi na taya mpaka nyuzi za sauti zionekane, kisha hupitisha mpira katikati ya nyuzi hizo hadi ndani ya bomba la hewa. Kwa mwanamke mtu mzima mpira huo huwa na kipenyo cha ndani cha milimita 7 hivi, na kwa mwanamume 7.5 hadi 8. Njia yote hiyo, kuanzia kaakaa hadi chini ya zoloto, yaani kisanduku cha sauti, imetandikwa utando laini wenye unyevu kama ule wa ndani ya shavu, na utando wa namna hiyo haukuumbwa kusuguana na plastiki kwa muda wa saa mbili. Tena hewa ya mashine ni kavu, na baadhi ya dawa zinazotolewa wakati huo hukausha mate, hivyo msuguano unafanyika mahali palipokauka.

Karibu na ncha ya mpira kuna puto dogo linalojazwa hewa mpira ukishafika mahali pake. Kazi yake ni kuziba nafasi iliyobaki kati ya mpira na ukuta wa bomba la hewa, ili hewa ya mashine isivuje na mate au matapishi yasiteremke mapafuni. Wamarekani wawili, Arthur Guedel na Ralph Waters, waliueleza mpira wenye puto kwa maandishi mwaka 1928, na husimuliwa kwamba Guedel, ili kuwashawishi madaktari wenzake, alimlaza mbwa wake kwa dawa, akampitishia mpira huo, akamzamisha ndani ya maji huku mnyama akiendelea kupumua kupitia mpira, kisha akamtoa mzima. Basi puto linaziba kwelikweli. Tatizo ni kwamba kinachoziba pia kinabana. Mgandamizo ndani ya puto unatakiwa uwe kati ya sentimita 20 na 30 za maji, maana hivyo ndivyo mgandamizo huo unavyohesabiwa. Ukizidi hapo damu huanza kupita kwa shida katika utando uliobanwa, na ukifika kwenye 50 hukoma kupita. Kipo kipimo kidogo chenye mshale, kinachounganishwa na kijibomba cha puto na kusomwa mara moja, lakini bado wapo wanaojaza hewa kwa bomba la sindano na kukadiria kwa kubonyeza kwa vidole kile kiputo kinachobaki nje ya mdomo. Vidole hudanganya, hata vya mtu mwenye uzoefu wa miaka mingi. Na pale gesi ya naitrasi oksaidi inapotumika, hupenya polepole ndani ya puto na kulizidisha, kiasi kwamba lililokuwa sawa mwanzoni huweza kuwa limekaza baada ya muda pasipo mtu kuligusa.

Kimio chako kina kisa chake. Huweza kubanwa na mpira dhidi ya kaakaa au ukuta wa nyuma wa koo kwa muda wote wa upasuaji, au, jambo ninalolidhania zaidi kwako kwa sababu ya ile ncha nyeupe, hunaswa na ncha ya mashine ya kufyonza mate wakati wa kukuzindua. Ukitaka mfano wake, fyonza kwa nguvu ngozi ya mkono wako kwa dakika moja, kisha utazame alama inayobaki. Kimio ni chepesi kuliko ngozi hiyo na kimening'inia tu, kwa hiyo hujaa maji haraka. Weupe ulioupa jina la chokaa ni seli za juu zilizokufa pamoja na utando unaofunika kidonda, nao hubanduka wenyewe. Ndani ya wiki moja hadi mbili kimio hurudi katika umbo lake. Hakikwanguliwi, hakibonyezwi kwa mswaki, na wala hakikatwi, hata akitokea mtu anayedai kwamba amewakatia wengi.

Umeuliza kuhusu uzembe, na swali hilo linastahili jibu la moja kwa moja. Takriban wagonjwa 2 kati ya 5 waliopitishiwa mpira katika bomba la hewa huzinduka na maumivu ya koo. Kwa wale wanaowekewa kifaa kinachokaa juu ya zoloto bila kupita katikati ya nyuzi za sauti, huwa kama 1 kati ya 5. Wanawake huumia zaidi kuliko wanaume, kwa sehemu kwa sababu zoloto lao ni dogo na mpira unaotumika mara nyingi ni mkubwa kuliko unaohitajika. Hatari huongezeka pia mpira ukikaa muda mrefu, ukijaribiwa zaidi ya mara moja, mgonjwa akikohoa sana wakati wa kuzinduka, au akiwa amepitishiwa na mrija mwingine wa tumboni kupitia puani. Kwa hiyo koo kuuma, peke yake, si ushahidi wa uzembe, kwa kuwa hutokea hata kwa mikono iliyo makini kabisa. Ninachokiona kuwa ni upungufu katika habari yako ni lile jibu la "ni kawaida, basi". Neno kawaida halimsaidii mgonjwa aliyekiona kimio chake kimelala juu ya ulimi. Angepaswa kuonyeshwa kilichovimba, kuambiwa kitachukua siku ngapi, na kuambiwa ni dalili gani zingemlazimu arudi. Unayo haki ya kurudi ukaomba kuonana na daktari wa usingizi aliyekuhudumia, umuulize kama mpira ulipita mara ya kwanza na ulikuwa wa ukubwa gani. Hayo huandikwa katika karatasi ya nusukaputi, na jibu lake litakufaa ukifanyiwa upasuaji mwingine.

Kuhusu matibabu, yapo machache na ni mepesi. Kunywa maji baridi kidogokidogo na mara nyingi, au nyonya vipande vya barafu, kwa sababu baridi hupunguza uvimbe na maumivu kwa pamoja. Kula vitu laini visivyo vya moto, vikali wala vichachu hadi kumeza kuwe kwepesi. Maji ya vuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi katika bilauri, ukiyasukutua kooni na kuyatema, huleta nafuu ya muda. Lala ukiwa umeinua kichwa na mabega kwa mito miwili au mitatu, au kwa ubavu, ili kimio kisikuangukie nyuma ya ulimi. Jizuie kukwaruza koo kana kwamba unataka kutoa kohozi, maana kila unapofanya hivyo unapiga mahali palepale palipochubuka. Parasetamoli inatosha kwa walio wengi, lakini hapa nina onyo moja: wewe tayari unakunywa dawa za kutuliza maumivu ya kidonda cha upasuaji, na huenda mojawapo ina parasetamoli ndani yake kwa jina jingine. Soma kila paketi na ujumlishe. Mtu mzima mwenye uzito wa kawaida na ini zima asizidishe gramu 4, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, katika saa 24. Dawa za jamii ya ibuprofeni usiongeze bila kumuuliza daktari aliyekupasua.

Zile antibayotiki za ndugu yako mrudishie, kwa shukrani. Hakuna bakteria wa kuuawa hapa. Kuna utando uliochubuka unaohitaji siku kadhaa za kujishona. Dozi iliyobaki ya mtu mwingine haitaharakisha kazi hiyo, ila inaweza kukuletea kuhara au mzio juu ya tabu uliyo nayo.

Kwa kawaida maumivu ya mpira huwa makali zaidi katika saa chache za kwanza, kisha hupungua siku hadi siku, na kwa watu wengi huisha kati ya siku moja na tatu. Kimio kikiwa kimeumia, kama chako, ruhusu siku zaidi. Kwa hiyo la kuangalia si ukali wa maumivu tu bali mwelekeo wake. Koo lililokuwa linapona likageuka na kuanza kuuma zaidi, hasa pakiwa na homa ya nyuzijoto 38 au zaidi, maumivu makali ya shingo au kifua, na kushindwa kumeza, hilo si la kusubiri asubuhi. Ni nadra sana, lakini mpira au kifaa kingine kinaweza kutoboa ukuta wa koromeo au umio, na hewa au mate yakapenya ndani ya shingo. Mtu akibonyeza ngozi ya shingo huihisi ikichakarika chini ya vidole kama karatasi kavu. Nenda hospitali saa hiyohiyo pia ukisikia mlio mkali unapovuta pumzi, ukishindwa kumeza hata mate yakawa yanakutoka mdomoni, sauti ikizibika kama ya mtu mwenye tonge kinywani, au midomo na ulimi vikianza kuvimba. Hili la mwisho nalitaja kwa sababu uvimbe wa midomo na ulimi hauwi daima wa mpira: huweza kuwa mzio, au athari ya dawa fulani za shinikizo la damu kama enalaprili na lisinoprili, na huweza kuziba njia ya hewa kwa kasi. Aliyepasuliwa shingo yenyewe, kwa mfano kwa ajili ya goita, ana hatari yake ya pekee katika siku ya kwanza, kwa kuwa damu ikivujia ndani ya kidonda huikandamiza njia ya hewa; huyo akiona shingo inajaa na kukaza asimame na kumwita muuguzi bila kuona haya.

Upande mwingine, wapo wanaotishwa na uvimbe usio na neno. Wapo wanaozinduka mashavu yamejaa mbele na chini ya masikio kama wenye matubwitubwi, kumbe ni tezi za mate zilizovimba baada ya nusukaputi, nazo hunywea zenyewe baada ya siku chache. Wapo pia wanaolalamika kwamba shingo, mabega na taya vinauma kana kwamba walipigwa, kumbe ni athari ya mojawapo ya dawa za kulegeza misuli, ambayo huisha kwa siku mbili au tatu.

Mtoto alibweka alipotolewa mpira

*Daktari, habari za kazi. Mwanangu wa kiume mwenye miaka 3 alifanyiwa upasuaji wa ngiri. Tuliahidiwa kurudi naye nyumbani jioni ileile, lakini alipotolewa mpira alianza kubweka, sina neno jingine, na kila akivuta pumzi kile kishimo cha juu ya kifua kilikuwa kinadidimia. Walimvalisha barakoa yenye mvuke wa dawa mara mbili, wakamdunga sindano, wakasema lazima alale pale. Sasa anacheza kama zamani, lakini mimi na mama yake tunahisi kuna kosa lililofichwa. Na je, hiyo ni pumu?*

Kazi njema, baba, na poleni kwa usiku huo. Si pumu. Pumu hubana vijia vya ndani ya mapafu, na mlio wake husikika zaidi mtoto anapotoa pumzi. Mliousikia ninyi ulikuwa wa kuvuta pumzi, na ulitoka kooni. Mtoto wenu alivimba mahali palipo chini kidogo ya nyuzi za sauti, ambapo gegedu iitwayo krikoidi inaizunguka njia ya hewa kama pete kamili. Kwingine katika bomba la hewa gegedu ni nusu pete zilizo wazi kwa nyuma, lakini hapa hakuna upenyo, hivyo utando ukivimba hauna pa kwenda isipokuwa ndani.

Fanyeni hesabu hii mkiwa na kalamu. Tuseme njia ya hewa ya mtoto mahali hapo ina kipenyo cha milimita 4. Utando ukivimba kwa milimita 1 tu kuzunguka pande zote, kipenyo kinabaki milimita 2, na eneo la kupitishia hewa linabaki robo ya lile la awali. Upinzani dhidi ya hewa huongezeka zaidi ya hapo, kwani kwa hewa inayopita kwa utulivu kipenyo kikipungua kwa nusu upinzani huwa mara 16. Uvimbe huohuo wa milimita 1 ukimpata baba yake, atalalamika labda kwamba sauti imempwelea. Ndiyo maana jambo ambalo kwa mtu mzima ni kero, kwa mtoto huwa ni la kukimbizana nalo.

Sasa mtazame walichofanya. Mvuke ule kwa kawaida huwa ni adrenalini, ambayo hufinya mishipa midogo ya damu katika utando na kuupunguza uvimbe kwa dakika chache. Kasoro yake ni kwamba nguvu yake huisha baada ya saa mbili hivi, na mtoto aliyeonekana amepona huweza kuanza kubweka tena akiwa njiani kurudi nyumbani. Sindano huenda ilikuwa deksamethasoni, ambayo hutuliza uvimbe kwa muda mrefu lakini huchukua saa kadhaa kabla ya kufanya kazi kikamilifu. Daktari anayezijua dawa hizo mbili hamruhusu mtoto kuondoka jioni ile. Kulazwa kwake, basi, hakukuwa njia ya kuficha kosa. Kulikuwa ndiyo tiba yenyewe, na aliyeliamua hilo alifanya sawa ingawa alikosea kwa kutowaelezeni.

Sababu ya uvimbe huweza kuwa mpira uliobana kidogo, mtoto kukohoa na kujitupa huku mpira ungali kooni, au mafua aliyokuwa nayo wiki moja au mbili kabla ya upasuaji, ambayo wazazi wengi huyanyamazia wakiogopa tarehe kusogezwa mbele. Nawaombeni msiyanyamazie. Mweleze kila daktari wa usingizi atakayemhudumia mtoto huyu siku za usoni kwamba aliwahi kuvimba koo, ili achague mpira mwembamba zaidi. Na ikitokea katika wiki au miezi ijayo mlio ule unarudi bila mafua, au mtoto anahema kwa sauti akicheza, apelekwe kwa daktari wa masikio, pua na koo atazamwe kama kovu limeanza kuipunguza njia ya hewa. Kwa mpira uliokaa muda mfupi jambo hilo ni nadra. Huwapata zaidi waliolazwa na mpira kwa siku nyingi.

Koo limepona, sauti haijarudi

*Daktari, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 45. Wiki tatu zilizopita nilifanyiwa upasuaji wa goti kwa nusukaputi. Koo liliuma siku mbili likaacha, lakini nimepwelewa na sauti hadi leo. Darasani nafundisha kwa kunong'ona. Nisubiri hadi lini?*

Mwalimu, umekwisha kusubiri vya kutosha. Sauti kukwaruza kwa siku chache baada ya mpira ni jambo la kutarajiwa, lakini ikipita wiki mbili bila kurudi, nyuzi za sauti zinatakiwa zitazamwe. Daktari wa masikio, pua na koo atapitisha puani kamera nyembamba inayopindika, akuombe useme "iii", na kwa dakika chache ataona kama nyuzi zote mbili zinakutana. Akikuta damu ilivilia ndani ya uzi mmoja, mara nyingi mapumziko yatatosha. Akikuta uzi mmoja umesimama na hauendi kukutana na mwenzake, huenda mshipa wa neva unaouendesha ulibanwa na puto, kwa kuwa tawi lake hupita chini kidogo ya nyuzi za sauti, na wengi wa hao hupona kwa wiki au miezi wakisaidiwa na mtaalamu wa mazoezi ya sauti. Ipo pia hali ya kigegedu kidogo kinachoshika uzi wa sauti kuteguka katika kiungo chake. Hiyo ni nadra, lakini ndiyo inayonifanya nisikwambie usubiri, kwa sababu kukirudisha mahali pake ni rahisi mapema na ni vigumu kikishagandamana. Na wapo wanaoota kinyama juu ya nyuzi wiki kadhaa baada ya mpira kutolewa, hasa wenye kiungulia cha mara kwa mara.

Wakati unasubiri miadi, acha kunong'ona. Najua inaonekana kama kuihurumia sauti, lakini wengi wanaponong'ona kwa nguvu ili wasikike hukaza zoloto kuliko wanaposema kwa sauti ya chini ya kawaida. Zungumza taratibu na kwa ukaribu, tumia ubao zaidi, na kama shule inaweza kukupa kipaza sauti au wiki moja ya kazi isiyo ya kusema, iombe.

Ninarudi tena kwenye kitanda cha upasuaji

*Mwanangu Daktari, mimi ni mzee wa miaka 70. Nitafanyiwa upasuaji wa tezi dume mwezi ujao. Miaka sita iliyopita nilipofanyiwa upasuaji mwingine walinieleza kwamba walihangaika kunipitishia mpira, na koo liliniuma wiki nzima. Nakunywa enalaprili kwa ajili ya presha. Niwaambie nini safari hii?*

Shikamoo, mzee wangu. Hayohayo uliyoniandikia waambie, na uyaseme mapema, kwenye kliniki ya maandalizi, usingoje kuyasema mlangoni mwa chumba cha upasuaji ukiwa umekwisha kuvalishwa gauni. Neno "walihangaika" lina uzito kwa daktari wa usingizi kuliko karibu neno jingine lolote utakaloweza kumwambia, kwa sababu atajiandaa kwa laringoskopu yenye kamera, mpira mwembamba zaidi na msaidizi mwenye uzoefu, badala ya kugundua tatizo wewe ukiwa umekwisha kulala. Hospitali ile ya kwanza ikiwa bado ina jalada lako, omba nakala ya karatasi ya nusukaputi au barua ya maelezo.

Uliza pia kama upasuaji huu unaweza kufanyika kwa ganzi ya mgongo. Upasuaji wa tezi dume unaopitia njia ya mkojo hufanywa hivyo mara nyingi, na kwa njia hiyo koo lako halitaguswa kabisa. Ikilazimu nusukaputi, si utovu wa adabu kuuliza kama mgandamizo wa puto utapimwa kwa kipimo, na kama deksamethasoni itakufaa, kwani ikitolewa kwenye mshipa wakati wa upasuaji hupunguza maumivu ya koo; ukiwa na kisukari mkumbushe, maana dawa hiyo hupandisha sukari. Enalaprili usiiache kwa uamuzi wako. Wao ndio watakaokuelekeza kama uinywe asubuhi ya siku hiyo. Ikiwa imewahi kukuvimbisha midomo au ulimi hata mara moja, hilo litangulie yote. Kama unavuta sigara, acha leo, kwa sababu kikohozi cha mvutaji wakati wa kuzinduka ndicho kinachosugua mpira kooni. Meno ya bandia yatoe na umkabidhi mtu unayemwamini, na jino linalocheza umwonyeshe daktari kwa kidole. Yote haya mwambie kijana wa nyumbani akuandikie kwenye karatasi moja, uikunje pamoja na kadi yako ya kliniki, na uitoe hata kama hakuna aliyeuliza.